Kidole gumba cha mbwa, tukikate au tukiache?

Muulize mtu anayefuga mbwa, mbwa wake ana vidole vingapi kila mguu. Wengi watakujibu vinne bila hata kwenda kuangalia, na huwezi kuwalaumu, maana vinne ndivyo mbwa anavyoviacha kwenye vumbi akipita uani. Cha tano kipo mguu wa mbele, upande wa ndani, juu kidogo ya unyayo. Kina ukucha wake na kinyama chake, ila mbwa akisimama hakifiki chini. Daktari wa mifugo atakuambia kwamba hicho ndicho kidole cha kwanza, sawa na kidole gumba chetu sisi. Nyumbani kwetu tunakiita hivyo hivyo, kidole gumba.

Wapo mbwa wenye kidole hicho hata miguu ya nyuma, ingawa wengi hawana. Akiwa nacho nyuma, mara nyingi kimeshikwa na ngozi tu. Ukikigusa kinacheza huku na huku kama hereni.

Machi mwaka huu jike letu, Malkia, alizaa watoto sita. Kabla hawajafumbua macho, vidole hivyo vilikuwa vimeshatuingiza mimi na mume wangu kwenye mabishano ya siku nne, na katikati ya mabishano ilikuwepo ada ya binti yetu.

Sisi tunaishi Tengeru. Mbwa kwetu si pambo, ni mlinzi wa ndizi, kuku na watu, kwa mpangilio huo. Malkia ni chotara wa German Shepherd na watoto wake wanapendwa. Uzao wake wa kwanza ndio ulionunua tangi letu la maji. Kwa hiyo alipozaa mara ya pili, kila mtu ndani ya nyumba alikuwa ameshapiga hesabu yake kimyakimya. Salio la ada ya chuo lilikuwa Sh700,000, na lilitakiwa kabla ya mitihani ya mwisho wa Mei.

Siku ya pili tu akaja mnunuzi. Ni bwana anayewatafutia mbwa watu wa kampuni za ulinzi, na taarifa humfikia upesi kuliko mkunga. Alichungulia kwenye boksi, akahesabu, akasema atachukua wanne wakifikisha wiki nane, kila mmoja Sh200,000. Sharti lake lilikuwa moja: vidole vya juu vitolewe vyote, vya mbele na vya nyuma, ndani ya siku tano. Mbwa wa namna hiyo, alisema, anaonekana msafi, mguu umenyooka, na akiwa kazini hanasi popote. Tusipokata, bei ni Sh120,000. Akatuachia hata namba ya kijana mmoja anayefanya kazi hiyo kwa mkasi na spiriti, Sh5,000 kwa kila mtoto.

Mume wangu alimwitikia kabla mimi sijafungua mdomo. Nataka nimtendee haki hapa, maana ukisikia habari hii upesi utamdhania ni mtu wa pesa tu. Mume wangu alikuwa na Simba.

Simba ndiye mbwa tuliyekuwa naye kabla ya Malkia. Alikuwa na vidole gumba miguu yote minne, na vile vya nyuma vilikuwa vinaning'inia. Siku moja alimfukuza nguchiro, akaruka seng'enge ya upande wa shamba, na kidole kimoja cha nyuma kikabaki kwenye waya nusu yake. Nusu nyingine ilibaki kwenye mguu. Daktari alikuja akamalizia kukitoa na kushona, lakini kuuguza kidonda ilikuwa kazi ya mume wangu. Kwa wiki tatu alikiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, akifukuza nzi, huku mbwa analia na yeye anambembeleza kama mtoto mchanga. Tangu hapo, akiona kidole kinachocheza kwenye mguu wa mbwa, yeye anaona seng'enge.

"Mama watoto," aliniambia usiku ule, "wakiwa na siku tatu hawajui hata kinachofanyika. Dakika moja kimekwisha. Unataka tusubiri wakubwa walie kama Simba?"

Hoja yake nyingine ilikuwa mbwa mzee wa jirani, ambaye hushinda amefungwa mnyororo. Ukucha wa kidole gumba haugusi ardhi mbwa akitembea, kwa hiyo hausagiki kama kucha nyingine. Usipokatwa unarefuka na kujikunja mduara. Wa yule mbwa ulikuwa umezunguka hadi ncha yake ikaingia kwenye nyama, na mguu ulikuwa umevimba. Nimeuona kwa macho yangu, sikuweza kubisha.

Kijana wetu wa kidato cha pili akaongeza la kwake. Mbwa mwitu, alisema, wale wa Ruaha na Mkomazi wenye mabaka, hawana kidole hicho kabisa. Mguu wa mbele una vidole vinne tu, na hakuna mnyama anayejua kukimbiza swala kama wao. Ni kweli, na kwa mbwa wa aina hiyo ndiyo alama mojawapo ya kuwatofautisha na mbwa wetu wa nyumbani. Mume wangu alifurahi sana kupata wakili. Jioni binti yetu akapiga simu kutoka chuoni, akasimuliwa, akauliza swali moja: mbona duma anacho? Duma ana ukucha mkubwa sana mahali hapo hapo, tena mkali, ndio anaoutumia kumnasa na kumwangusha swala akiwa mbioni. Basi mezani ikawa mbwa mwitu upande mmoja na duma upande mwingine, na ugali unapoa.

Mimi sikuwa na hoja ya kitaalamu. Nilikuwa na mashaka tu. Niliwashika wale watoto mmoja mmoja. Sita wote walikuwa na vidole vya mbele, na wawili walikuwa navyo na nyuma. Nilichokigundua ni kwamba vya mbele na vya nyuma havifanani kabisa mkononi. Cha mbele, hata kwa kitoto kinachoenea kwenye kiganja, ni kigumu, kina kiungo, ukikisukuma kinarudi mahali pake. Cha nyuma kilikuwa kama kipande cha ngozi kilichoshonewa hapo. Mnunuzi alivitaja kwa pumzi moja. Nikasema siruhusu mkasi uingie ndani ya boksi hadi daktari wa mifugo aje. Malkia mwenyewe alikuwa anahitaji kupimwa baada ya kuzaa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema nimeongeza gharama.

Daktari alikuja Alhamisi. Ni binti mdogo, amesoma Sokoine pale Morogoro, anafika kwa pikipiki. Aliniamkia shikamoo, akavua viatu vya mvua mlangoni, akamkagua Malkia kwanza, halafu ndipo akaketi chini na watoto mapajani.

Alichotueleza nitakiandika kwa maneno yangu. Kidole gumba cha mbele si kipande cha ngozi. Kina mifupa, kina viungo, na kina kano zinazokiunganisha na misuli ya mguu, kama vidole vingine. Kano hazipo mahali pasipo na kazi. Mbwa akitembea kidole kiko juu, lakini akikimbia kwa kasi mguu wa mbele unakunjika kwenye kifundo kiasi kwamba kidole hicho hushuka na kugusa ardhi. Akikata kona ghafla, kinachimba chini na kuuzuia mguu usijinyonge. Ukikiondoa, mzigo huo unahamia kwenye vidole vilivyobaki na kwenye kifundo. Daktari wa mbwa wa michezo wa Marekani, Christine Zink, amekuwa akilisema hili kwa miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mbwa wa mashindano ya kuruka vizuizi ulikuta kwamba wale wasio na vidole hivyo vya mbele walikuwa katika hatari zaidi ya kuumia vidole vingine. Huo ni uchunguzi wa kuwauliza wenye mbwa, daktari hakutuficha, si wa kukata miguu na kupima. Lakini unaelekea upande mmoja na kile mifupa inachokionyesha.

Mume wangu akamuuliza kuhusu mbwa mwitu. Daktari akacheka. "Baba, yule aliumbwa na vinne, mguu wake wote umejengwa kwa hesabu ya vinne. Huyu amejengwa kwa vitano, wewe unataka kuondoa kimoja halafu jengo libaki vile vile."

Kuhusu vya nyuma alikuwa na maneno mengine. Alikipapasa cha mtoto wa kwanza, akasema huyu ana kifupa kidogo ndani, kimeshika kiasi. Cha wa pili hakikuwa na mfupa wowote. Kidole cha namna hiyo, alisema, hakina msaada kwa mbwa na kweli kinaweza kunasa. Hapo hamlaumu mtu anayetaka kitolewe. Swali ni lini, na kwa mkono wa nani.

Nikamuuliza hilo la siku tatu, kwamba hawasikii. Akanyamaza kidogo. Akasema wanasikia. Mishipa ya fahamu ipo tangu wanazaliwa, kinachokosekana ni uwezo wa kukimbia na kung'ata. Ndiyo maana watu wanaona ni kazi rahisi. Wapo madaktari wanaokata mapema kwa uangalifu, jeraha linakuwa dogo na linapona upesi, hakukataa. Lakini mkasi na spiriti kwenye boksi, bila ganzi, kwa mtu asiyejua kutofautisha ngozi na kiungo, damu ikigoma kuacha utafanya nini na kiumbe cha gramu mia nne? Ushauri wake ulikuwa kusubiri. Mbwa akifika miezi sita au saba na kuletwa kufungwa kizazi, akiwa tayari yuko kwenye nusukaputi, kidole kinachoning'inia kinatolewa hapo hapo, kwa dawa ya maumivu na mshono safi. Kama kabla ya hapo hakijamletea shida, hajapoteza kitu.

"Na vya mbele?" mume wangu akauliza.

"Vya mbele vikiwa na ugonjwa, uvimbe, au vikivunjika vibaya, nitakata. Vikiwa vizima sikati, baba. Hata ukinilipa."

Msomaji, usije ukadhani dunia nzima imekubaliana juu ya jambo hili. Nchi za Ulaya ziliandikiana mkataba mwaka 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani, unaokataza kukata mikia, kuchonga masikio na upasuaji mwingine wa kumpendezesha mwenye mbwa na si wa kumtibu mbwa. Lakini Uingereza, ambayo sheria yake ya mwaka 2006 imebana sana ukataji wa mikia, bado inaruhusu vidole gumba kutolewa. Ufaransa kuna mbwa wa wachungaji, Beauceron na Briard, ambao kwenye maonyesho wanatakiwa wawe na vidole gumba viwili viwili miguu ya nyuma. Aliyekatwa hana chake pale. Na Norway wanaye Lundehund, mwenye vidole sita au zaidi kila mguu, aliyekuwa akipanda majabali ya pwani kukamata ndege kwenye mashimo yao. Kinachoitwa uchafu Tengeru kinapewa zawadi kwingine. Hilo peke yake lilinitosha kulishuku neno "msafi".

Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Sijawahi kusikia mtu akiitaja mtaani kwetu, hasa kwenye habari za mbwa.

Daktari alipoondoka mume wangu alikaa kimya, nami nikamwacha. Nimekaa naye miaka ishirini na mbili, najua kimya chake cha kukataa na kimya chake cha kufikiri. Jioni ile bucha walinipa mfupa wa paja la ng'ombe kwa ajili ya Malkia, maana ananyonyesha. Akalala nao karibu na jiko la nje. Tukamtazama wote wawili. Aliusimamisha mfupa wima, akaubana kati ya miguu ya mbele, na vile vidole gumba viwili vilikuwa vimeushika kutoka ndani, kimoja kila upande, huku akigeuza kichwa kutafuta nyama. Akiusogeza, vinausogeza. Mume wangu aliinama karibu kabisa, akaangalia kwa muda mrefu. "Kumbe," alisema. Hakuongeza neno.

Kesho yake mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope. Kijana wetu akarusha mpira, na Malkia akafurahi kupumzika na watoto, akaukimbilia na kugeuka ghafla karibu na mgomba. Tulipokwenda kuangalia, nyayo za kutembea zilikuwa na vidole vinne. Pale alipogeukia palikuwa na alama ya tano, mkwaruzo mfupi upande wa ndani, umezama.

Bado ilibaki pesa, na pesa haisikilizi alama kwenye tope. Tofauti ya Sh80,000 kwa kila mtoto, mara wanne, ni Sh320,000. Wanaoandika kuhusu huruma kwa wanyama mara nyingi hawaitaji hesabu kama hii, nami nadhani ndiyo maana hawasikilizwi. Mtu mwenye ada ya kulipa hakati kidole cha mbwa kwa ukatili. Anakata kwa sababu soko limemwambia hivyo, na soko limemwambia hivyo kwa sababu mtu fulani anapenda mguu ulionyooka. Usiku huo tulikubaliana hivi: vya mbele havikatwi, bei iwe yoyote. Vya nyuma, vya wale wawili, haviguswi hadi umri wa nusukaputi, na atakayemnunua mmoja wao ataambiwa wazi ana nini, kwa nini, na akitaka kitolewe ampeleke kwa nani. Mume wangu alikubali la kwanza kwa moyo. La pili alilikubali kwa kuning'inia, kama kidole chenyewe.

Mnunuzi alipopigiwa simu alisema basi tubaki na mbwa wetu. Baada ya wiki tano akarudi mwenyewe. Akachukua wawili kwa Sh130,000 kila mmoja, akilalamika njia nzima hadi getini. Wawili wengine walikwenda kwa Sh120,000, mmoja akiwa yule mwenye kifupa nyuma. Mnunuzi wake ni mwalimu, alisikiliza maelezo yote, akasema atamfungia kizazi Oktoba na hicho kidole ataamua hapo. Mmoja alichukuliwa na mwenye dume, ndiyo desturi. Zikapatikana Sh500,000. Mia mbili iliyopungua nilikopa kwenye kikoba chetu cha Jumamosi, na nitairejesha kidogo kidogo hadi Desemba, na riba yake. Binti yetu alifanya mitihani.

Wa sita ndiye tuliyebaki naye, ni jike, yule ambaye kidole chake cha nyuma hakina mfupa. Mume wangu ndiye aliyempa jina, anaitwa Hereni.

Kucha sasa ndiyo kazi ya kudumu, na kwa wenye mbwa wanaoniuliza nasema hapo ndipo nguvu iende. Mzoeshe mtoto kushikwa miguu tangu wiki ya tatu au ya nne, mchezo tu, bila mkasi. Kila baada ya wiki mbili au tatu angalia kidole gumba kwanza, maana ndicho kinachosahaulika. Tumia kikata kucha cha mbwa, si wembe wala koleo la fundi. Ukucha mweupe unakuonyesha nyama nyekundu ya ndani, ishia kabla yake. Ukucha mweusi haukuonyeshi kitu, kwa hiyo punguza ncha ndogo ndogo. Damu ikitoka kidogo, bonyeza kwa unga wa ngano na utulie. Ukiwa umeshika mguu, pekua na katikati ya vidole, utakutana na kupe, na kwenye vumbi jingi hata funza. Mume wangu hufanya hayo Jumapili baada ya ibada, akiwa amevaa miwani yangu.

Hereni ana miadi ya Septemba, kizazi na kidole kwa pamoja. Mpaka siku hiyo mume wangu hajaridhika na kusubiri. Wiki iliyopita aliondoa seng'enge mstari wa chini upande wote wa shamba, akaweka wavu wa kuku badala yake, na nguchiro wanaupita bila shida yoyote.